Kuweka malengo ya timu kazini, hatua kwa hatua: mfano wa kitengo cha mikopo cha SACCOS

Wafanyakazi wengi wa Tanzania wanayajua malengo kama fomu. Serikalini ilianza OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi kwa fomu, mwaka 2004; sasa ni PEPMIS, mfumo wa kazi hiyohiyo kwenye mtandao. Julai mwaka wa fedha unapoanza, mtu anajaza malengo yake, mkuu wake anaidhinisha, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake hadi tathmini ibishe hodi. Kwenye kampuni binafsi na vyama vya ushirika hali haina tofauti kubwa. Meneja anatoka kwenye kikao cha bodi na namba, anaitangaza, na timu inaitikia "sawa bosi" huku kila mtu akijua kwamba kesho atafanya kazi ileile kwa namna ileile.

Mwongozo huu ni kwa anayeongoza timu ndogo, ya watu watatu hadi kumi hivi, na anayetaka lengo ambalo mfanyakazi akiingia ofisini Jumatatu asubuhi analijua linamtaka afanye nini. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kitengo cha mikopo cha SACCOS yenye wanachama walimu na wafanyabiashara wa sokoni. Nimeuchagua kwa sababu huko hesabu iko wazi, na lengo likiwekwa vibaya madhara yake yanaonekana haraka. Namba za mfano nimezipanga kwa ajili ya hesabu tu. Kama wewe uko stoo, mauzo au mapokezi ya hospitali, badilisha namba na majina ya kazi. Njia ni ileile.

Hatua ya 1: Taja tatizo kabla ya kutaja namba

Kaa na karatasi, andika sentensi moja inayosema nini kinawaumiza. Usiandike "kuboresha utendaji". Andika kama vile ungemweleza mtu wa nyumbani: "Watu wanakopa, wanalipa miezi mitatu, kisha wanapotea, na sisi tunagundua wakati wameshachelewa sana."

Halafu jiulize kama tatizo hilo liko mikononi mwa timu yako. Faida ya chama kwa mwaka haiko mikononi mwa maafisa mikopo. Inategemea riba iliyopangwa na bodi, gharama za ofisi na mengine mengi. Idadi ya wanachama wapya nayo ni kazi ya watu wengine pia. Marejesho yanayochelewa ni yao. Wao ndio wanaomhoji mkopaji, wanaokagua biashara yake na wanaojua nyumba yake ilipo. Lengo linalotegemea watu wasiokuwepo kwenye timu linawafundisha watu wako kutoa sababu, na sababu zenyewe zitakuwa za kweli.

Hatua ya 2: Jua mlipo leo

Hapa wengi wanaruka, na ndiyo sababu malengo mengi ni ya kubahatisha. Mwombe mhasibu akutolee orodha ya mikopo yote yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30. Unachojumlisha ni salio lote la mkopo huo, maana aliyeshindwa kulipa rejesho moja ameweka deni lake zima hatarini. Usijumlishe lile rejesho lililopita peke yake.

Tuseme jumla ya mikopo iliyoko kwa wanachama ni shilingi milioni 400. Iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni milioni 48, yaani asilimia 12, ya wakopaji 60. Usiishie hapo. Ipasue kwa umri: milioni 14 zimechelewa siku 31 hadi 60, milioni 10 siku 61 hadi 90, na milioni 24 zimepita siku 90. Sasa umeshaona jambo ambalo namba moja ilikuwa inalificha: nusu ya tatizo lenu ni deni la zamani ambalo simu ya kawaida haiwezi kulitikisa.

Tafuta namba moja zaidi. Kila mwezi ni mikopo ya kiasi gani inayokuwa mizima halafu inaingia kwenye kundi la waliochelewa? Rudi nyuma miezi sita, chukua wastani. Kwenye mfano wetu ni milioni 6 kwa mwezi. Namba hii nadra sana kuikuta ukutani kwenye ofisi yoyote, lakini ndiyo itakayoamua kama mtafika.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lengo mpaka ikubali

Bodi pengine inataka asilimia 5, kwa kuwa wajumbe wamesikia kwamba Benki Kuu inataka mikopo chechefu ya mabenki, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa, isizidi kiwango hicho. Waeleze kwa adabu kwamba kipimo cha mabenki kwa kawaida kinahusu mikopo iliyopita siku 90, na ninyi mnapima kuanzia siku 30. Kisha waonyeshe hesabu.

Mnaanza na milioni 48. Ndani ya robo mwaka, kama hakuna kinachobadilika, zitaingia nyingine milioni 18. Kufikia asilimia 5, yaani milioni 20, mngepaswa kuondoa milioni 46 kwenye kundi la waliochelewa kwa miezi mitatu. Haiwezekani kwa kitengo chetu cha mfano, chenye maafisa wanne na pikipiki moja, na kila afisa atalijua hilo dakika ileile mtakapolitangaza.

Jaribu milioni 36, ambayo ni asilimia 9. Mkiendelea kama zamani, 48 ongeza 18 toa 36: mnatakiwa kuondoa milioni 30, yaani milioni 10 kila mwezi. Bado ni nzito. Lakini mkiweza kupunguza wanaoingia kutoka milioni 6 hadi 3 kwa mwezi, hesabu inakuwa 48 ongeza 9 toa 36, na cha kuondoa kinashuka hadi milioni 21, milioni 7 kwa mwezi. Hapo panafikika, kwa jasho.

Naomba usiipite hesabu hii haraka, kwa sababu imebadilisha kazi yenyewe. Mlidhani lengo lenu ni kufukuzana na wadaiwa sugu. Kumbe nguvu kubwa iko kwenye kumkumbusha mkopaji ambaye bado hajachelewa.

Wasomi Edwin Locke na Gary Latham walilichunguza suala hili la malengo kwa miongo kadhaa, na walichokikuta kinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimamia watu: lengo mahususi na gumu kiasi huleta kazi bora kuliko kumwambia mtu "jitahidi tu". Ila ugumu huo unasaidia pale mtu anapolikubali lengo na kuwa na uwezo wa kulifikia. Lengo lisilofikika mtu analiacha moyoni siku ya kwanza, hata kama mdomoni amesema ndiyo.

Hatua ya 4: Andika sentensi moja, kisha funga mianya

Sentensi yetu: "Ifikapo tarehe 31 Machi, salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 litakuwa limeshuka kutoka shilingi milioni 48 hadi milioni 36 au chini yake."

Kwa nini shilingi na si asilimia peke yake? Kwa sababu asilimia inaweza kushuka bila mtu kulipa. Mkikopesha kwa kasi hadi jumla ya mikopo ifike milioni 533, zile milioni 48 zilezile zitakuwa asilimia 9. Lengo limetimia kwenye karatasi, hakuna shilingi iliyorudi, na sasa mna mikopo mingi mipya iliyotolewa kwa pupa. Itaanza kuchelewa baada ya miezi michache, wakati mmeshapongezwa.

Kuna njia nyingine za kulipitia lengo mlango wa nyuma, na afisa mikopo yeyote anazijua. Mkopo wa zamani unalipwa kwa mkopo mpya wa mtu yuleyule. Mkopo unapangwa upya, tarehe zinasogezwa mbele, na unasomeka kama mzima. Mkopo unafutwa vitabuni. Mengine kati ya haya ni halali kabisa na yanamsaidia mkopaji aliyepatwa na msiba au ugonjwa. Tatizo ni pale yanapofanyika ili namba ipendeze. Kwa hiyo, chini ya sentensi ya lengo, andika mistari hii:

- Mkopo uliopangwa upya ndani ya robo hii unaendelea kuhesabiwa kuwa umechelewa mpaka mkopaji alipe marejesho matatu mfululizo kwa wakati.
- Mkopo uliolipwa kwa mkopo mwingine wa hapahapa, au uliofutwa, unabaki kwenye hesabu ya lengo.
- Anayehesabu ni mhasibu, siku ya mwisho ya mwezi, kutoka kwenye mfumo. Maafisa hawajihesabii wenyewe.

George Doran, aliyeandika mwaka 1981 zile sifa tano za lengo (SMART) zinazofundishwa kila semina, mojawapo aliyoitaja ni kwamba lengo lionyeshe nani atalifanya. Semina nyingi siku hizi zimeiacha. Irudishe. Kila kipande cha lengo kiwe na jina la mtu mmoja mbele yake. Kipande chenye majina mawili hakina mwenyewe.

Hatua ya 5: Lipeleke kwa timu likiwa bado laini

Itisha kikao kabla hujalipeleka kwa bodi. Weka hesabu yote mezani, pamoja na zile milioni 6 za kila mwezi, na uwaombe waibomoe. Usiulize "Kuna swali?" maana jibu lake ni kimya. Uliza hivi: "Jamani, hii ndiyo hesabu niliyofika nayo. Nionyesheni ilipokosea." Kisha nyamaza, hata kimya kikikaa muda mrefu.

Mazungumzo yenye faida yanasikika namna hii:

"Bosi, samahani, kwangu hii haitatoka. Wafanyabiashara wangu walihamishwa soko. Kumi na wawili hawana meza."

"Pole, dada. Wanauza wapi sasa?"

"Barabarani, jioni. Nikiwafuata saa tatu asubuhi siwakuti. Saa kumi na mbili jioni wote wapo na hela wanayo mkononi."

"Na pikipiki?"

"Inatakiwa iwe imerudi ofisini saa kumi."

Hapo lengo limepata uhai. Kilichokuwa kinaonekana kama uzembe wa afisa ni utaratibu wa ofisi kuhusu pikipiki, na aliyeweza kuubadilisha ni bosi. Kwenye kikao kimoja cha aina hii utapata matatu au manne ya namna hiyo. Yaandike yote upande wa pili wa karatasi ya lengo, chini ya maneno "Wajibu wa kiongozi", na uweke tarehe: pikipiki kubaki nje hadi saa moja usiku siku mbili kwa wiki, kuanzia tarehe fulani; fedha ya vocha kutolewa kila Jumatatu; mhasibu kutoa orodha ya marejesho ya wiki kila Ijumaa mchana. Usipotimiza upande wako, huna haki ya kuwauliza upande wao.

Mdogo kazini anaweza kuogopa kusema mbele ya wakubwa. Kwa huyo, mfuate baadaye, mzungumze wawili.

Hatua ya 6: Ligeuze lengo kuwa kazi ya wiki

Milioni 36 ni matokeo. Hakuna anayeweza kuamka na "kufanya milioni 36". Anachoweza ni kupiga simu, kutembelea, kukagua maombi. Chagua kazi mbili au tatu zinazovuta matokeo, basi. Kwenye mfano wetu:

Kwanza, kila mkopaji apigiwe siku tatu kabla ya tarehe ya rejesho. Maafisa ni wanne, wakopaji ni 320, kila afisa ana 80. Hiyo ni simu kama nne kwa siku ya kazi. Inawezekana.

Pili, aliyekosa tarehe yake apigiwe kesho yake asubuhi, wala isipite wiki. Mdaiwa wa siku moja bado anapokea simu. Wa siku arobaini anaona jina lako kwenye kioo na kuiacha iite.

Tatu, kutembelea. Pikipiki ni moja. Kwa siku moja mtu atafikia wakopaji wanne au watano. Kitengo kizima hakiwezi kuahidi zaidi ya ziara 20 kwa wiki, na waliochelewa ni 60, kwa hiyo lazima kuchagua. Anza na wenye salio kubwa na ucheleweshaji mdogo. Mwanachama mwenye salio la milioni 2, rejesho la shilingi 200,000 kwa mwezi, aliyekosa marejesho mawili: akilipa shilingi 400,000 ametoka kwenye kundi na salio lake lote limerudi kuwa zima. Ukimpata kabla hajakosa la tatu, umeondoa zaidi ya milioni moja na nusu nyingine hatarini kwa ziara moja. Wale waliopita siku 90 wana njia yao: wadhamini, kamati, dhamana. Hiyo ni kazi ya kuandikiwa barua na kufuatiliwa na meneja, usiichanganye na mizunguko ya pikipiki.

Wakati wa kugawa, usigawe sawa kwa sawa. Afisa mwenye walimu wanaokatwa kwenye mshahara ana waliochelewa wachache, na wengi wao ni waliohama kituo, waliostaafu au makato yaliyokatika kwa sababu ya mkopo mwingine. Tatizo lake linatatuliwa kwa barua kwa mwajiri. Afisa wa sokoni anatembea. Zile milioni 12 za kushusha zinaweza kugawanyika moja, tatu, tatu na tano, na kila mtu akaona ni haki, mradi hesabu imefanyika mbele yao.

Angalia pia kalenda. Robo inayoanza Januari inaanza na ada za shule, sare na madaftari. Usitarajie theluthi ya kazi iishe mwezi huo. Panga Januari milioni 2, Februari 4, Machi 6.

Hatua ya 7: Weka kipimo cha kulinda

Kila lengo linasukuma watu upande mmoja, na kuna kitu upande wa pili kitaumia usipokiangalia. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa inawabana wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja huduma nane. Wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, kwa mamilioni. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kwa miaka iliyotangulia. Inaniuma kwamba wengi waliofukuzwa walikuwa wa ngazi ya chini, watu waliopewa namba na kuambiwa wakaitafute.

Kwa maafisa wetu, hatari ni mbili. Wanaweza kuogopa kukopesha kabisa, maana asiyekopesha hana wa kuchelewa. Na wanaweza kuwadhalilisha wadaiwa: kumtangaza mama wa watu kwenye kundi la WhatsApp, kumpigia mwajiri wake, kumsimamia mlangoni majirani wakiona. Kwa hiyo andika masharti mawili pembeni ya lengo: mikopo mipya isipungue kiwango cha robo iliyopita, na lalamiko lolote la mwanachama kudhalilishwa linasimamisha hesabu ya afisa huyo mpaka lisikilizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kusambaza deni la mtu kwa watu wengine si jambo la kuchukulia kirahisi. Lakini hata sheria isingekuwepo, SACCOS ni ya wanachama, na yule unayemwaibisha ndiye mwenye chama.

Hatua ya 8: Dakika ishirini kila Jumatatu

Weka ubao mahali timu inapopita, si ofisini kwako. Safu nne zinatosha: jina, simu, ziara, milioni zilizotoka na zilizoingia. Jumatatu asubuhi, mkiwa mmesimama, kila mmoja anajibu: wiki iliyopita nilisema nitafanya nini, nimefanya nini, nini kimenikwamisha. Wewe unaanza, na upande wako wa karatasi. Kama vocha zilichelewa, sema zimechelewa.

Asiyefikia usimgombeze mbele ya wenzake. Uliza kilichotokea, na kama jibu linahitaji urefu, limalizieni pembeni. Usiruhusu kikao kigeuke kuwa cha matangazo ya ofisi. Hayo yana siku yake.

Mwisho wa mwezi wa kwanza tazama kitu kimoja: je, kazi zimefanyika? Kama simu zote zimepigwa na ziara zimekwenda lakini milioni hazishuki, mpango ndio wenye kasoro, badilisheni kazi. Kama kazi hazikufanyika, usiguse lengo. Namba ya lengo yenyewe ibadilishwe pale tu jambo kubwa lililo nje ya uwezo wenu limetokea, kama soko kuungua au afisa kuugua muda mrefu, na ibadilishwe kwa maandishi, kila mtu akiwepo.

Hatua ya 9: Funga robo, fungua nyingine

Tarehe 31 Machi mhasibu analeta hesabu. Kama mmefika, pongeza timu nzima kwa kitu kinachoonekana: chakula cha mchana, siku ya mapumziko, barua kwenye faili. Mimi siungi mkono bonasi ya mtu mmoja mmoja kwenye ukusanyaji wa madeni; inaua ile tabia ya afisa kumpa mwenzake taarifa za mkopaji aliyehamia eneo lake, na taarifa hizo zina thamani kuliko bonasi.

Kama hamkufika, mkaishia milioni 39, kaa na timu muangalie ni wapi zimebaki milioni 3: ni waliokuwa ndani tangu mwanzo au ni wapya walioingia? Majibu hayo mawili yanaleta malengo tofauti kabisa ya robo inayofuata. La kwanza linakupeleka kwa wadhamini na kamati. La pili linakurudisha kwenye fomu ya maombi, kwenye namna mnavyokagua biashara ya mtu kabla ya kumpa fedha, na huenda lengo la Aprili hadi Juni likawa kwamba hakuna mkopo wa mfanyabiashara utakaopitishwa bila afisa kufika kwenye meza yake mara mbili, kwa siku tofauti, moja asubuhi na moja jioni.